Mficha uchi hazai: Tuyajue maumbile ya kinena kabla ya saa ya dharura

Katika nyumba zetu mtoto hufundishwa mapema kuvitaja viungo vyake. Hulijua jicho, sikio, goti na kisigino kabla hajaanza madrasa. Lakini mafunzo hayo yakifika kati ya kitovu na mapaja hukatika ghafla. Sehemu hiyo hupewa jina la utani, au huitwa "huko", au haitajwi kabisa. Mtoto wa kiume hukua akijua namna ya kuisitiri na kuitwaharisha, jambo ambalo ni wajibu. Lakini hajui kilichomo, hajui kinavyofanya kazi, na hajui aseme nini siku kitakapomuuma.

Watu wazima nao hawajambo sana kumshinda. Tukisikia kwamba fulani "ana mshipa" au "ana ngiri", huitikia kwa kichwa kana kwamba tumeelewa. Kumbe maneno hayo hubebeshwa maradhi manne au matano yasiyofanana: utumbo ulioshuka, maji yaliyojaa, mishipa ya damu iliyotanuka, korodani iliyojisokota, hata tezi iliyovimba kwa sababu ya kidonda cha mguuni. Baadhi ya hayo yanaweza kungoja mwezi mzima. Moja kati yao halingoji kupambazuke. Katika makala haya tunakusudia kuieleza sehemu hii kwa lugha ya staha, ili baba, mama na kijana mwenyewe waweze kupambanua lipi ni lipi.

Haya isiwe pazia la maradhi

Hakuna Muislamu asiyejua kwamba kuona haya ni katika imani. Lakini vitabu vya Hadithi vimepokea pia kisa cha Bibi Ummu Sulaym (R.A.), aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kumuuliza waziwazi kuhusu mwanamke anayeota ndoto na wajibu wake wa kuoga. Alitanguliza kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu haionei haya haki, kisha akauliza alilotaka. Mtume hakumkemea, alimjibu. Mafaqihi nao wameeleza kwamba haja ya tiba humruhusu mgonjwa kufunua uchi wake mbele ya tabibu, kwa kadiri inayohitajika na si zaidi ya hapo. Haya, kwa hiyo, imewekwa kuusitiri mwili, si kuufungia ugonjwa ndani.

Wahenga walilisema jambo hilo kwa maneno matatu tu: mficha uchi hazai. Na zamani walikuwa na mahali pa kulifundisha, yaani jandoni. Siku hizi wavulana wengi wa mijini hutahiriwa hospitalini wakiwa wadogo, na hilo lina faida zake. Ila somo lililokuwa likiambatana na jando halikupata mwalimu mpya. Baba hudhani ustadhi atalieleza; ustadhi hudhani shule italieleza; shule huonyesha mchoro kwa ajili ya mtihani. Kijana hubaki na mafunzo ya vijana wenzake.

Safari iliyoanzia karibu na figo

Kinena ni pale tumbo linapokomea na paja kuanzia, kulia na kushoto. Ili tuelewe kwa nini mahali hapa huwasumbua wanaume kuliko wanawake, inabidi turudi tumboni mwa mama. Korodani za mtoto wa kiume haziumbiki katika mfuko wake. Huumbika juu, ndani ya tumbo, upande wa mgongoni, karibu na figo. Kisha huteremka taratibu, na katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba hupenya ukuta wa chini wa tumbo kwa njia nyembamba ipitayo kinenani, zikatokeza mfukoni. Kwa mtu mzima njia hiyo ina urefu wa sentimita 4 hivi.

Korodani haisafiri peke yake. Huvuta pamoja nayo mishipa ya damu, neva na mrija wa kupitishia mbegu, na vyote hivyo hufungamana vikawa kamba moja, ambayo korodani huning'inia kwayo. Aidha, hutanguliwa na kijifuko cha utando laini uliotoka tumboni. Kwa kawaida kijifuko hicho hujifunga karibu na wakati wa kuzaliwa, na ncha yake hubaki imeizunguka korodani mfano wa shuka jembamba la tabaka mbili.

Msomaji akiyashika mambo haya matatu, yaani njia, kamba na utando, atakuwa ameshika ufunguo wa yote yanayofuata. Njia ikibaki wazi au ikilegea, utumbo huteremka humo, na hiyo ndiyo ngiri. Kamba ikijisokota, damu hukatika, na hiyo ni dharura. Maji yakijaa baina ya tabaka za utando, hilo ndilo busha.

Huenda mtu akauliza, hekima ya safari hiyo ni nini? Sababu mojawapo ni joto. Mbegu za kiume hutengenezwa vizuri katika joto lililo chini ya lile la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4. Ndiyo maana korodani zikawekwa nje, katika mfuko wenye misuli inayojikunja wakati wa baridi ili kuzisogeza karibu na mwili, na kulegea wakati wa joto ili kuziweka mbali. Mara nyingi korodani ya kushoto huning'inia chini kidogo kuliko ya kulia. Hayo ni maumbile, wala si ugonjwa.

Safari hiyo inatufunza jambo jingine. Kwa kuwa neva za korodani zilitoka nazo juu, maumivu ya korodani huweza kusikika tumboni, na jiwe lililokwama katika mrija wa figo huweza kumuuma mtu korodanini. Tutalihitaji jambo hili tutakapomzungumzia kijana anayelalamika tumbo.

Kilichomo ndani

Korodani ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 4 hadi 5, na umbo lake ni mfano wa yai dogo. Ndani yake imekunjwa mirija myembamba mno, ambayo lau ingenyooshwa na kuunganishwa ingefikia mamia ya mita. Humo ndimo mbegu zinamotengenezwa, kazi inayochukua siku 70 hivi. Kwa hiyo homa kali ya leo huweza kupunguza mbegu za mwezi wa pili au wa tatu ujao, kisha hali ikarejea. Baina ya mirija hiyo zimo chembe hai zinazotoa homoni ya testosteroni, iletayo ndevu, sauti nzito na nguvu za misuli.

Nyuma ya kila korodani pamelazwa mrija mwingine uliojiviringa, ambao ukinyooshwa hufikia mita 6 hivi. Humo mbegu hukomaa na kungoja. Kijana akijigusa akaona kitu laini mfano wa uzi uliokunjwa nyuma ya korodani, asishtuke. Ndio mrija huo. Kutoka hapo mbegu husafiri ndani ya kamba, hupanda kinenani, huingia tumboni na kuzunguka nyuma ya kibofu cha mkojo. Huko vifuko viwili hutoa sehemu kubwa ya majimaji ya manii, na tezi dume huongeza yake. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya manii.

Tezi dume, inayowatia wasiwasi wazee wengi, haimo katika mfuko wa korodani. Iko chini ya kibofu, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo. Ndiyo maana ikikua humsumbua mzee katika kukojoa: mkojo hutoka kidogokidogo, humwamsha mara nyingi usiku, wala haumwishi. Hilo ni somo lake peke yake, nasi tumelitaja ili lisichanganywe na ngiri.

Mtoto mchanga: akaguliwe kabla ya tohara

Tohara ni fursa njema ya kumkagua mtoto, na mambo matatu yanastahili kutazamwa.

La kwanza ni korodani zenyewe: je, zote mbili zimo mfukoni? Katika watoto 100 wa kiume waliozaliwa kwa wakati, takriban 3 huwa na korodani ambayo haijashuka, na kwa watoto njiti idadi huwa kubwa zaidi. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo. Lakini ikitimia miezi 6 bado haijashuka, si jambo la kungojewa tena. Mtoto apelekwe kwa daktari wa upasuaji, kwani kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Korodani inayoachwa juu hudhoofika katika kutengeneza mbegu, na hatari ya kupata saratani ukubwani huongezeka. Mama ataziangalia vizuri wakati wa kumwogesha mtoto kwa maji ya vuguvugu, kwa maana baridi huzivuta juu hata zilizo salama.

La pili ni tundu la mkojo. Mahali pake ni kwenye ncha ya dhakari. Wapo watoto wanaozaliwa na tundu hilo likiwa upande wa chini, mbali na ncha. Mtoto wa namna hiyo asitahiriwe kabla ya kuonwa na daktari bingwa, kwa sababu ngozi ya govi huenda ikahitajika katika kulirekebisha tundu. Ikishakatwa na kutupwa, hairudi. Kuichelewesha tohara kwa sababu hiyo si kuiacha; ni kuifanya kwa wakati wake.

La tatu ni uvimbe. Maji yaliyobaki kuizunguka korodani ya mtoto mchanga mara nyingi hukauka yenyewe kabla ya mwaka mmoja au miwili, wala hayamuumi. Lakini uvimbe wa kinenani unaotokeza mtoto akilia na kurudi akitulia ni ngiri. Ngiri ya kinena kwa mtoto haijifungi yenyewe, wala kumfunga kitambaa hakuizibi. Nayo hubana upesi kuliko ya mtu mzima, hivyo daktari wa upasuaji amwone mapema.

Kijana na muda wa saa 6

Katika yote tunayoyaandika hapa, sehemu hii ndiyo tungependa msomaji aikariri.

Baadhi ya wavulana huzaliwa na korodani zisizoshikizwa vizuri ndani ya mfuko. Korodani ya namna hiyo huweza kujizungusha, na kamba yake ikajisokota mfano wa kamba ya ndoo kisimani. Mishipa ya damu iliyomo ndani ya kamba hubanwa, damu haiingii tena, na korodani huanza kufa. Hutokea zaidi kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, ingawa hakuna umri uliosalimika kabisa, hata mchanga wa siku moja. Haihitaji kuanguka wala kupigwa. Kijana huenda alikuwa akicheza mpira, au huenda alikuwa amelala fofofo, maumivu yakamwamsha.

Dalili zake ni maumivu makali ya ghafla upande mmoja, kichefuchefu na kutapika, mfuko kuvimba, na korodani moja kukaa juu zaidi ya kawaida yake au kulala mkingamo. Lakini tazama linalotokea majumbani. Kijana wa miaka 14 hawezi kumwambia mama yake mahali panapouma. Husema tumbo. Wala hasemi uongo mtupu, kwa maana tumboni nako panauma, kwa sababu tuliyoitaja ya neva. Mama humpa dawa ya tumbo na maji ya tangawizi, humfunika shuka, na kumwambia alale.

Hesabu haina huruma. Kamba ikifunguliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu kuanza, karibu korodani zote huokolewa. Zikipita saa 12, huokolewa kama nusu. Baada ya saa 24 zinazopona ni chache mno, na mara nyingi daktari hana la kufanya ila kuiondoa. Maumivu yakianza saa nne za usiku na nyumba ikaamua kungoja asubuhi, inapofika saa kumi alfajiri, kabla hata mwadhini hajaamka, muda huo umekwisha.

Kwa hiyo kijana akilalamika tumbo la chini huku anatapika, baba amchukue pembeni amuulize kwa upole: "Mwanangu, na korodani je, zinauma?" Asipokuwapo baba, mjomba au kaka mkubwa aulize, asipokuwapo mwanamume, mama aulize, wala si aibu. Jibu likiwa ndiyo, safari ni ya hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku huohuo. Asipewe chakula wala kinywaji njiani, kwa kuwa huenda akahitaji nusu kaputi. Wakifika waseme wazi kwamba ni maumivu ya ghafla ya korodani, na wataje saa yalipoanza, ili asipangwe foleni na wagonjwa wa tumbo. Walezi wa mabweni ya shule na madrasa nao wanahusika, kwani huko kijana hana baba wa kumgusa bega.

Upasuaji wenyewe si mrefu. Daktari hufungua mfuko, huinyoosha kamba, kisha huzishikiza korodani zote mbili kwa nyuzi, kwa maana ile nzima nayo huwa na hatari ileile. Maumivu yakipoa ghafla yenyewe, huenda kamba imejifungua. Kijana aonwe na daktari hata hivyo, kwa sababu aghalabu hurudia. Yapo pia maambukizi yanayoleta uvimbe na maumivu ya kufanana na haya, lakini kuyatofautisha ni kazi ya daktari, haifanyiki sebuleni. Na kwa aliyepoteza korodani moja, ajue kwamba iliyobaki ikiwa nzima, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, huweza kumtosha kwa ndoa na kizazi.

Ngiri: mlango uliolegea

Ngiri ya kinena, ambayo hospitalini wengine huiita henia, huwapata wanaume mara nyingi zaidi kuliko wanawake. Takriban mwanamume mmoja kati ya wanne huipata katika umri wake. Kwa vijana mara nyingi ni kile kijifuko cha utotoni ambacho hakikujifunga. Kwa wazee ni ukuta wa tumbo uliodhoofika, ukasukumwa na kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni au kubeba mizigo. Dalili yake ni uvimbe unaojitokeza mtu akisimama au akikohoa, ukarudi ndani akilala. Huenda usiume kabisa, na hapo ndipo watu huuzoea, wakaishi nao miaka.

Hatari huja siku utumbo uliotoka unapobanwa mlangoni. Uvimbe uliokuwa ukirudi sasa haurudi. Unakuwa mgumu na unauma. Mtu anatapika, tumbo linajaa, hapati choo wala upepo. Utumbo uliokatikiwa damu huoza ndani ya saa chache. Mgonjwa huyo asikandwe, asisukumwe uvimbe kwa nguvu, wala asipewe dawa ya kuharisha. Apelekwe hospitali mara moja.

Barabarani pamejaa mabango ya dawa za ngiri, na aghalabu hutangazwa pamoja na dawa za nguvu za kiume, ili aibu mbili ziuzwe kwa bei moja. Msomaji ajiulize swali jepesi: ikiwa ngiri ni tundu katika ukuta, ni kinywaji gani kinachoziba ukuta? Tiba ni kuliziba tundu lenyewe. Daktari Edoardo Bassini wa Italia alitangaza mwaka 1887 namna ya kuushona ukuta huo tabaka kwa tabaka, na njia yake ikafuatwa kwa miaka mingi. Siku hizi madaktari wengi huweka wavu mwembamba juu ya udhaifu huo, ukashikana na nyama na kuwa kama kiraka.

Wavu wa viwandani ni ghali, na hapa ndugu zetu wa Uganda wanastahili kutajwa. Katika utafiti uliofanyika mashariki mwa nchi hiyo na kuchapishwa mwaka 2016, wanaume 302 wenye ngiri waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilitiwa wavu wa viwandani, la pili wavu uliokatwa katika kitambaa cha chandarua na kutakaswa kitaalamu hospitalini. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Ugonjwa wa watu wengi umepata tiba isiyohitaji mali nyingi. Kinachobaki ni mgonjwa kujitokeza.

Busha si madafu

Pwani yetu yote, kuanzia Kilifi hadi Tanga, Unguja, Pemba, Mafia na kusini zaidi, watu wamelijua busha kwa karne nyingi. Kijana hukatazwa kunywa madafu kwa wingi, ati maji yake hushukia huko. Dafu halina hatia. Maji ya busha hayatoki kinywani.

Busha lililoenea pwani husababishwa hasa na minyoo midogo mfano wa nyuzi, inayoingizwa mwilini na mbu. Minyoo mikubwa huishi miaka kadhaa ndani ya mishipa ya limfu, na hupenda hasa ile ya kinenani na ya mfuko wa korodani. Mishipa hiyo hutanuka na kuharibika, na maji hukusanyika baina ya zile tabaka mbili za utando. Ni minyoo hiyohiyo iletayo matende ya miguu. Watoto wake huingia katika damu wakati wa usiku, saa za mbu kuuma, na kwa sababu hiyo kipimo cha damu kilizoeleka kufanywa usiku. Daktari Patrick Manson, akiwa Amoy nchini China, ndiye aliyegundua mwaka 1877 kwamba mbu huibeba.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wanaume milioni 25 wamepata busha kwa sababu ya minyoo hii. Kinga yake ni kingatiba inayogawiwa mara moja kwa mwaka, iliyoanza Tanzania Bara mwaka 2000 na Zanzibar mwaka 2001, pamoja na kupambana na mbu. Huko Makunduchi, tangu mwaka 1988, chembe nyepesi za plastiki zinazoelea zilimwagwa katika vyoo vya shimo ili viluwiluwi vya mbu visipate pumzi, na zikisaidiwa na dawa, maambukizi yakapungua sana. Kwa hiyo mtu anayemkimbia mgawaji wa dawa kwa kuogopa kizunguzungu cha siku moja na akumbuke anachokikinga.

Hata hivyo, dawa hizo haziyaondoi maji yaliyokwisha kujaa. Wala kuyavuta kwa sindano si tiba ya kudumu, kwani hurudi, na sindano isiyo safi huingiza usaha. Tiba ni upasuaji wa kuuondoa au kuugeuza ule utando. Si jambo geni kwa Waislamu. Abul-Qasim Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, katika kitabu chake cha tiba chenye sehemu 30, aliitenga sehemu ya mwisho kwa upasuaji, na humo akaweka milango tofauti: mlango wa uvimbe wa maji, mlango wa uvimbe wa mishipa, na mlango wa utumbo ulioshuka. Miaka 1,000 iliyopita tabibu Muislamu alikuwa amekwisha kuyatenga yale ambayo sisi bado tunayaita "mshipa".

Mengine yasiyopuuzwa

Mtoki, yaani tezi iliyovimba kinenani, mara nyingi ni ishara ya kidonda au maambukizi mguuni au katika sehemu za siri. Kitafutwe chanzo. Matubwitubwi yakimpata aliyekwisha kubaleghe huweza kuvimbisha korodani siku chache baada ya mashavu; ni nadra yamfanye tasa kabisa, ila aonwe na daktari. Mishipa ya damu iliyotanuka juu ya korodani, hasa ya kushoto, huhisiwa kama fundo la minyoo laini, na ni miongoni mwa sababu zinazotibika za mume kuchelewa kupata mtoto. Kwa hiyo nyumba isiyojaliwa mtoto isimkabidhi mke lawama kabla mume hajapimwa. Na uvimbe mgumu ndani ya korodani, hata usipouma, hasa kwa kijana wa miaka 15 hadi 40, uonwe bila kuchelewa. Saratani ya hapo ni nadra kwetu, na ikiwahiwa wengi wanaougua hupona.

Tuanzie nyumbani

Mambo manne yanatosha kuanzia. Baba amfundishe mwanawe majina ya kweli ya viungo hivi anapomfundisha namna ya kuoga janaba, kwani ni mlango mmoja wa elimu. Kijana azoee kujikagua anapotekeleza sunna ya kunyoa, ambayo tumefunzwa isicheleweshwe zaidi ya siku 40: azipapase korodani zote mbili, ajue hali yake ya kawaida, ili akitambue kitakachobadilika. Mama asikubali jibu la "tumbo" bila kuuliza swali la pili. Na mgonjwa anayeona uzito kufunuliwa ana haki ya kuomba tabibu mwanamume na pazia, madamu dharura haijamzuia kungoja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na azilinde familia zetu. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.